Bahari Inameza Hewa ya Ukaa Kiasi Gani? Jibu Liko kwa Meli Chache

Karibu kila ripoti ya mabadiliko ya tabianchi ina sentensi isemayo kwamba bahari inachukua takriban robo ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Wanasiasa huinukuu mikutanoni, walimu huifundisha darasani, na sisi waandishi huirudia kana kwamba kuna mita mahali fulani inayosoma kiasi hicho. Mita hiyo haipo. Robo hiyo ni matokeo ya hesabu ndefu, na msingi wake mkubwa ni vipimo vilivyochukuliwa baharini na meli, safari kwa safari, kwa zaidi ya miaka 60.

Vipimo hivyo hufanywaje? Vinaaminika kiasi gani, na vinapungua wapi? Msimamo wangu nautaja mapema. Njia za kupima zimekomaa, na makosa yake mengi yanafahamika na yanaendelea kusahihishwa. Kinachotia shaka jibu leo ni uchache wa vyombo vinavyopima, na uchache huo unauma zaidi pale ambapo bahari hubadilika sana: Bahari ya Kusini wakati wa majira ya baridi, na upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, ambao ni ujirani wetu.

Tofauti ndogo kati ya mafungu makubwa

Kila mwaka takriban tani bilioni 80 za kaboni hutoka hewani na kuingia baharini, na kiasi kinachokaribiana na hicho hutoka baharini na kurudi hewani. Kinachosalia baharini, kwa makadirio ya mradi wa kisayansi wa Global Carbon Project ya muongo wa 2014 hadi 2023, ni tani bilioni 2.9 kwa mwaka, zaidi au pungufu kwa bilioni 0.4. Ni hesabu ya mwenye duka la jumla ambaye bidhaa za milioni 80 zinaingia, karibu zote zinatoka, na faida yake ni chini ya milioni tatu: akikosea kidogo tu kuhesabu upande mmoja, hajui tena kama amepata faida au hasara.

Kwa nini gesi iingie hapa na itoke pale? Kanuni ni nyepesi: hutoka penye mgandamizo mkubwa ikaelekea penye mgandamizo mdogo. Kama mgandamizo wa hewa ya ukaa katika maji umepungua kuliko ule wa hewani, bahari inameza; ukizidi, bahari inatoa. Maji baridi huyeyusha gesi nyingi kuliko maji ya vuguvugu, ndiyo sababu Atlantiki ya Kaskazini, ambako maji hupoa na kuzama, humeza sana. Fitoplanktoni, mimea midogo isiyoonekana kwa macho, hutumia kaboni kujenga miili yake na hivyo kupunguza mgandamizo majini. Maji ya kilindini yanapopanda juu, kama yanavyofanya kwenye ikweta ya Pasifiki, huja na kaboni iliyokusanyika huko chini kwa miaka mingi, na sehemu yake huingia hewani.

Kuna jambo jingine la kikemia ambalo bila hilo kazi ya meli isingewezekana. Hewa ya ukaa ikiingia baharini haibaki gesi tu. Huungana na maji na sehemu yake kubwa hugeuka kuwa bikaboneti. Ni takriban asilimia 1 tu ya kaboni iliyoyeyuka inayobaki katika umbo la gesi. Kwa sababu ya mgeuko huo, tabaka la juu la bahari huhitaji miezi mingi, karibu mwaka mzima, ili lisawazike na hewa iliyo juu yake, ilhali oksijeni husawazika ndani ya wiki chache. Tofauti ya mgandamizo inadumu vya kutosha hivi kwamba meli ikipita leo, alichokipima mtaalamu bado kina maana wiki kadhaa baadaye.

Kutoka Vema hadi hazina ya pamoja

Mwaka 1957 Roger Revelle na Hans Suess wa Taasisi ya Scripps huko California walichapisha makala iliyoonyesha kwamba kemia ya bahari inaizuia isimeze hewa ya ukaa ya viwandani kwa wepesi uliodhaniwa. Kabla ya hapo wengi waliamini kwamba bahari ingemaliza kazi yenyewe. Mwaka 1958 Charles David Keeling alianza kupima hewa juu ya mlima Mauna Loa, Hawaii, akakuta takriban sehemu 315 za hewa ya ukaa kwa kila sehemu milioni za hewa. Leo zimepita 420.

Upande wa bahari kazi ilianza wakati uleule. Taro Takahashi, mwanakemia kijana aliyezaliwa Japani, alipanda Vema, merikebu ya milingoti mitatu iliyogeuzwa kuwa chombo cha utafiti cha kituo cha Lamont cha Chuo Kikuu cha Columbia, akapima hewa ya ukaa katika maji ya Atlantiki. Miaka michache baadaye, wakati wa Msafara wa Kimataifa wa Bahari ya Hindi, meli Argo ya Scripps ilipita katika bahari hiyo mwaka 1962 na 1963 ikipima uso wa maji. Vipimo hivyo ni miongoni mwa vya mwanzo kabisa kufanywa katika bahari yetu.

Takahashi aliendelea na kazi hiyo hadi uzeeni. Alikusanya vipimo vya watu wengine, akavikagua, akavilinganisha na kuvichora ramani ya mwezi kwa mwezi. Ramani yake ya mwaka 2009 ilitegemea vipimo karibu milioni tatu. Umoja wa Mataifa ulimtunuku mwaka 2010, naye alifariki mwaka 2019. Mfano wake ulionyesha kwamba kipimo cha meli moja hakina nguvu mpaka kilinganishwe na cha meli nyingine. Mwaka 2011 wanasayansi wa nchi nyingi walifungua hazina ya pamoja iitwayo SOCAT, iliyoanza na vipimo milioni 6.3 vilivyohakikiwa. Sasa vimezidi milioni 30, na yeyote anaweza kuvichukua bila malipo.

Ndani ya maabara ya meli

Inafaa kuiangalia kazi yenyewe kwa karibu, kwa kuwa imani yetu yote katika takwimu za dunia inaanzia hapa.

Bomba linaingiza maji ya bahari kupitia tundu lililo karibu na omo, mita chache chini ya uso. Pampu huyasukuma usiku na mchana bila kukoma. Sehemu ya maji hayo huingia katika chombo kilichofungwa na kunyunyizwa kutoka juu kwa matundu madogo. Hewa iliyofungiwa humo hupitiwa na manyunyu hayo mpaka mgandamizo wake wa hewa ya ukaa unalingana na wa maji. Hewa hiyo huvutwa, hukaushwa, kisha hupelekwa katika mashine inayopitisha mionzi ya infraredi. Hewa ya ukaa hufyonza sehemu ya mionzi hiyo. Kadiri mionzi inayofika upande wa pili inavyopungua, ndivyo gesi ilivyo nyingi.

Kila baada ya saa chache vali hujifunga na kufungua mitungi ya gesi ambayo kiasi chake cha hewa ya ukaa kinajulikana kwa uhakika. Mitungi hiyo imelinganishwa na kipimo rejea cha Shirika la Hali ya Hewa Duniani kinachotunzwa katika maabara ya NOAA, idara ya Marekani ya bahari na hewa, huko Boulder, Colorado. Mashine ikianza kupotoka, mitungi huifichua. Bomba jembamba jingine huleta hewa safi kutoka juu ya mlingoti wa omo. Upepo ukivuma kutoka tezi, moshi wa injini hufika hapo, na vipimo vya muda huo huwekewa alama ya kutotumika.

Adui mkubwa wa mtaalamu ni joto. Maji yakiongezeka joto kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, mgandamizo wa hewa ya ukaa ndani yake hupanda kwa asilimia 4.23. Chukua maji ambayo mgandamizo wake wa hewa ya ukaa ni maikroatmosfia 400, yaani sehemu 400 za milioni za atmosfia moja. Yakipata nusu nyuzi ya joto yakiwa njiani kutoka tunduni hadi maabara, kipimo kitapanda kwa zaidi ya maikroatmosfia 8. Kiasi hicho kinakaribiana na wastani wa tofauti kati ya bahari na hewa kwa dunia nzima. Kwa hiyo kipimajoto kimoja hukaa penye tundu la kuingizia maji na kingine ndani ya chombo, na tofauti yao hutumika kusahihisha matokeo. Mabomba nayo hayaachwi: utando wa bakteria unaoota ndani yake hupumua na kuongeza hewa ya ukaa katika maji kabla hayajapimwa, kwa hiyo husafishwa mara kwa mara.

Vyombo vilivyotunzwa hivi hufikia usahihi wa maikroatmosfia 2. Huenda hilo likaonekana ni jambo la mafundi tu. Lakini kosa la maikroatmosfia 1 linaloelekea upande uleule kila mahali lingebadilisha hesabu ya dunia kwa takriban tani milioni 200 za kaboni kwa mwaka. Fundi anayebadilisha kichujio saa tisa usiku katikati ya bahari anashika sehemu ya hesabu ambayo mataifa yanaitumia kupanga sera zao.

Si meli za utafiti peke yake zinazofanya kazi hii. Meli za mizigo na za abiria zinazorudia njia ileile kila mwezi zimebeba mashine kama hizi kwa miaka mingi, na faida yake ni kwamba njia moja hupimwa katika majira yote. Meli ya utafiti ina faida nyingine: huwa na wataalamu ndani, husimama pale panapohitajika, na huteremsha vyombo hadi kilindini.

Upepo, kipande kigumu cha hesabu

Tofauti ya mgandamizo hutuambia gesi inaelekea wapi. Haituambii inakwenda kwa kasi gani. Kasi hiyo hutegemea msukosuko wa uso wa maji, na msukosuko hutegemea upepo. Ili kupata kiasi cha gesi kinachopita, mtaalamu huzidisha tofauti ya mgandamizo kwa uwezo wa maji kuyeyusha gesi, kisha kwa kasi ya upitishaji.

Kanuni inayotumika sana leo ni ile ya Rik Wanninkhof, aliyoitoa mwaka 1992 na kuirekebisha mwaka 2014. Inasema kasi hiyo hukua kwa mraba wa kasi ya upepo. Upepo wa mita 5 kwa sekunde hutoa kasi ya upitishaji ya takriban sentimita 6 kwa saa. Wa mita 10 hutoa sentimita 25. Wa mita 20 hutoa sentimita 100. Dhoruba ya siku mbili inaweza kufanya kazi ya wiki kadhaa za bahari tulivu.

Kanuni hiyo imepatikana kwa njia mbili hasa. Ya kwanza ni ya kuhuzunisha asili yake: majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yalijaza hewani kaboni yenye mnururisho, na kiasi kilichokutwa baharini baadaye kikafichua wastani wa kasi ya upitishaji kwa dunia nzima. Ya pili ni majaribio ya meli, ambapo gesi mbili zisizo na madhara, heli-3 na heksafloridi ya salfa, humwagwa majini, kisha meli huzifuatilia kwa siku nyingi na kupima jinsi zinavyopotea. Gesi hizo hutoroka kwa kasi tofauti, na tofauti hiyo ndiyo inayofichua kasi ya upitishaji.

Hata hivyo kanuni hii bado ina shaka ya takriban asilimia 20, na shaka inakuwa kubwa zaidi upepo unapokuwa mkali. Mawimbi yanapovunjika huzamisha mapovu ya hewa, na mapovu hayo yanapobanwa chini ya maji huachilia gesi kwa namna ambayo kasi ya upepo peke yake haiielezi. Mwaka 2013 meli Knorr ya Marekani ilikwenda Bahari ya Labrador katika miezi ya Oktoba na Novemba, kwa makusudi ya kukutana na dhoruba, ikapima katika upepo uliozidi mita 20 kwa sekunde. Safari za namna hiyo ni chache. Ni ngumu kwa watu na kwa vyombo, na nahodha yeyote mwenye busara hulazimika kufikiria usalama kwanza.

Kupima mtiririko wenyewe

Njia ya pili ya kujua kiasi cha gesi kinachopita haihitaji kanuni ya upepo. Juu ya mlingoti wa omo hufungwa kipimaupepo kinachotumia mawimbi ya sauti, kinachosoma upepo pande zote tatu: mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini. Husoma mara 10 au zaidi kwa sekunde. Kando yake kipimo cha gesi husoma hewa ya ukaa kwa kasi hiyohiyo. Hewa iliyo juu ya bahari hujiviringisha, ikipanda na kushuka. Bahari inapomeza hewa ya ukaa, hewa inayoshuka huwa na gesi nyingi kidogo kuliko inayopanda. Ukioanisha mpando na mshuko wa hewa na kiasi cha gesi kilichomo kila mara, kisha ukachukua wastani wa nusu saa, unapata mtiririko halisi kati ya bahari na hewa.

Juu ya nchi kavu, misituni na mashambani, njia hii imezoeleka. Baharini ilikataa kwa miaka mingi, kwa sababu mbili. Kwanza, meli haitulii. Inapopanda wimbi, kipimaupepo nacho kinapanda, na kinasoma mwendo huo kana kwamba ni upepo unaoshuka. James Edson na wenzake walieleza mwaka 1998 namna ya kuuondoa mwendo huo kwa kutumia vihisio vinavyorekodi kila mtikisiko wa meli. Mwaka huohuo njia hii ilijaribiwa katika Atlantiki ya Kaskazini ndani ya meli Ronald H. Brown ya NOAA.

Sababu ya pili ilichelewa kueleweka. Hewa ya bahari imejaa mvuke na chumvi. Vipimo vya gesi vya mwanzo, vilivyoachwa wazi hewani, vilichanganya mvuke na hewa ya ukaa, vikatoa matokeo makubwa mno, wakati mwingine mara 10 ya yale yanayowezekana kikemia. Wapo walioshawishika kwamba bahari inameza kuliko ilivyofikiriwa. Ufumbuzi ulikuwa kuvuta hewa kwa bomba, kuikausha kabisa, kisha kuipima ndani kwa mashine sahihi zaidi, zikiwemo zinazotumia leza. Tangu ufumbuzi huo uenee, matokeo yamekuwa yakikubaliana vizuri na kanuni ya upepo pale ambapo tofauti ya mgandamizo ni kubwa. Pale ambapo tofauti ni ndogo, ishara bado humezwa na kelele za vyombo.

Hapa ndipo nguvu ya njia mbili inapoonekana. Njia ya kwanza ni rahisi kuendeshwa mwaka mzima, lakini inategemea kanuni. Njia ya pili hupima jambo lenyewe, lakini ni ghali na inahitaji uangalizi wa karibu. Ya pili hutumika kuihakiki ya kwanza.

Ngozi ya bahari

Uhakiki huo tayari umebadilisha hesabu. Meli hupima maji ya mita chache chini ya uso, lakini gesi hubadilishana katika utando wa juu kabisa, usiofika unene wa milimita moja. Utando huo hupoteza joto kwa mvuke na mnururisho, hivyo kwa wastani huwa baridi kidogo kuliko maji yaliyo chini yake, kwa takriban sehemu mbili za kumi za nyuzi. Ni tofauti ambayo mkono hauwezi kuihisi. Lakini mwaka 2020 Andrew Watson wa Chuo Kikuu cha Exeter na wenzake walionyesha kwamba ukiizingatia, pamoja na kusahihisha joto la tunduni, makadirio ya kaboni inayomezwa na bahari hupanda kwa tani bilioni 0.8 hadi 0.9 kwa mwaka.

Wengi walitilia shaka, kwa kuwa hoja hiyo ilitegemea nadharia na maabara. Watafiti wa Uingereza wakachukua vipimo vya mtiririko wa moja kwa moja kutoka safari zinazoikata Atlantiki kaskazini hadi kusini, wakachapisha matokeo mwaka 2024: athari ya ngozi ya bahari ipo kweli, na kuizingatia kunaongeza umezaji wa Atlantiki kwa takriban asilimia 7. Huu ndio mwenendo mzuri wa sayansi, dai likatolewa na meli ikatumwa kwenda kulipima.

Ubishi wa Bahari ya Kusini

Hakuna mahali ambapo uchache wa vipimo umeleta ubishi kama bahari inayoizunguka Antaktika. Eneo hilo linachukua takriban asilimia 40 ya hewa ya ukaa ya binadamu inayomezwa na bahari zote. Mwaka 2007 Corinne Le Quéré na wenzake waliripoti kwamba umezaji wake ulikuwa ukidhoofika tangu 1981. Mwaka 2015 kundi lililoongozwa na Peter Landschützer likaonyesha kwamba ulianza kupata nguvu tena baada ya takriban mwaka 2002. Mwaka 2018 maboya yanayozama na kuibuka yenyewe yakaashiria kwamba wakati wa baridi bahari hiyo hutoa hewa ya ukaa kwa wingi ambao meli hazikuwahi kuuona. Mwaka 2021 vipimo vya ndege vikapinga: umezaji ni mkubwa.

Nani yuko sahihi? Maboya yana uwezo wa kukaa baharini majira yote bila mtu, na hilo ni jambo kubwa. Lakini hayapimi hewa ya ukaa moja kwa moja. Hupima asidi ya maji, kisha mgandamizo hukadiriwa kwa hesabu, na shaka yake ni takriban maikroatmosfia 11, zaidi ya mara tano ya ile ya meli. Upungufu mdogo unaoelekea upande mmoja hutosha kugeuza mmezaji kuwa mtoaji. Mwaka 2024 Yuanxu Dong na wenzake walikusanya vipimo vya mtiririko wa moja kwa moja vya meli katika eneo hilo majira ya kiangazi, wakakuta umezaji mkubwa kwa takriban asilimia 25 kuliko ulivyokadiriwa kwa njia ya kawaida. Kwa kiangazi, basi, hoja ya umezaji mkubwa imepata uzito. Kwa majira ya baridi bado tunategemea meli chache mno. Meli Laurence M. Gould ya Marekani, iliyokuwa ikihudumia kituo cha Palmer huko Antaktika, ilikuwa ya thamani kubwa kwa kuwa kuanzia 2002 ilipima ilipokuwa ikivuka Mlango wa Drake, hata wakati wa baridi.

Satelaiti je? Huona joto la uso, upepo na rangi ya maji, na kwa hayo hutusaidia kujaza mapengo. Haziwezi kuona hewa ya ukaa iliyo ndani ya maji. Programu za kompyuta zinazojifunza kutoka vipimo vya meli huchora ramani nzuri za dunia nzima, lakini ukigawa bahari katika miraba ya nyuzi moja kwa kila mwezi, yenye vipimo halisi haizidi asilimia chache. Kwingine kote ramani inakisia. Ndiyo maana ramani hizo na vielelezo vya kompyuta vya bahari zimekuwa zikitofautiana juu ya kasi ya ongezeko la umezaji tangu mwanzo wa karne hii.

Kusi na pengo letu

Bahari ya Hindi ya magharibi ina jambo ambalo bahari nyingi hazina: upepo unaogeuka kabisa mara mbili kwa mwaka. Kaskazi ikiisha, baada ya maleleji, kusi hushika. Ikipita pwani ya Somalia kuelekea Oman, kusi hugeuka kuwa upepo wenye nguvu ambao huyasukuma maji ya juu mbali na pwani, na maji baridi ya chini hupanda kuziba nafasi. Watu wa Salalah, huko Oman, huyajua matokeo yake: ukungu na manyunyu ya msimu wa kharifu hutokana na hewa yenye unyevu kupita juu ya maji hayo yaliyopoa.

Maji hayo huja na kaboni nyingi. Katika kusi ya mwaka 1995, meli Meteor ya Ujerumani ilipima uso wa Bahari ya Arabuni ikakuta mgandamizo ukipita maikroatmosfia 600 katika maji yaliyopanda, ilhali hewani ulikuwa karibu 360. Kwa kuwa upepo nao ulikuwa mkali, gesi ilitoka kwa kasi kubwa. Miaka hiyo ya katikati ya 1990 ilikuwa ya neema kwa eneo hili: meli Thomas G. Thompson ilizunguka Bahari ya Arabuni, na Knorr ikapima Bahari ya Hindi kwa marefu na mapana. Kusini zaidi, Wafaransa wameendelea tangu 1998 na meli Marion Dufresne inayotoka kisiwa cha Réunion kuelekea visiwa vya Crozet na Kerguelen.

Lakini baada ya miaka hiyo ya 1990 kaskazini mwa Madagaska pameachwa. Uharamia wa pwani ya Somalia uliziweka meli za utafiti mbali kwa miaka kadhaa, na zilizorejea ni chache. Ukifungua ramani ya SOCAT utaona Atlantiki ya Kaskazini imesukwa kwa mistari ya safari, na bahari ya mbele ya Mogadishu, Mombasa, Dar es Salaam na Pemba ina mistari ya kuhesabika. Nchi zenye matumbawe na wavuvi wengi, ambazo zitaonja mapema madhara ya bahari inayozidi kuwa na asidi, ndizo zenye vipimo haba.

Nini kifanyike

Hali ya dunia haielekei kwenye nafuu. Idadi ya vipimo vipya vinavyoingia SOCAT kila mwaka imeshuka tangu 2017, kwa kuwa kazi hii hufadhiliwa kwa miradi ya miaka michache michache, na mradi ukiisha mashine hushushwa melini. Kituo cha hali ya hewa hakifungwi kwa sababu mradi umeisha. Vipimo vya bahari vinastahili hadhi hiyohiyo.

Kwa nchi za pwani yetu kuna hatua zisizongoja utajiri. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 unazitaka meli za kigeni ziombe ruhusa miezi sita kabla ya kufanya utafiti ndani ya maili 200 za ukanda wa kiuchumi, na unaipa nchi ya pwani haki ya kuweka watu wake melini na kupata takwimu. Haki hiyo itumike kila mara: kibali kitolewe mapema, kiambatane na nafasi ya mtafiti kijana kutoka Mombasa, Zanzibar au Maputo, na sharti kwamba vipimo viingie katika hazina ya pamoja. Kenya inayo meli yake ya utafiti, RV Mtafiti, iliyotoka Ubelgiji. Feri zinazokwenda Unguja na Pemba hupita njia ileile kila siku, kusi na kaskazi. Mashine moja iliyotunzwa vizuri juu ya feri ingetupa kumbukumbu ya majira ambayo hatujawahi kuwa nayo.

Sababu ya kuharakisha ni hii. Dunia ikifaulu kupunguza uchafuzi, kasi ya bahari kumeza nayo itapungua, kwa kuwa inameza kutokana na tofauti ya mgandamizo ambayo sisi wenyewe tunaiongeza. Siku hiyo kutakuwa na mabishano makubwa: je, hewa imeitikia juhudi zetu, au bahari imechoka? Tayari pia yapo makampuni yanayotaka kulipwa kwa kuifanya bahari imeze zaidi kwa kuiongezea madini. Madai yote hayo yatahukumiwa kwa vipimo vya kabla na vya baada. Vya baada tunaweza kuvinunua wakati wowote tukiwa na fedha. Vya kabla vinapatikana sasa tu, na mwaka unaopita bila kupimwa hauwezi kurudiwa.